Ngiri si aibu, washkaji!

Sisi wa Tabora tunajivunia babu zetu wapagazi, waliobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo. Kubeba hatujaacha: mjomba wangu hushusha magunia sokoni. Uvimbe wa kinenani anauita "mshipa", anaukaza kwa mkanda. Mjomba, mkanda hauzibi tundu! Utumbo ukichungulia hapo ukanasa, damu haiufikii, unaoza, na usipowahiwa unaua.

Siku hizi wapo madaktari wanaotoboa vitundu, wanapitisha kamera na kuziba kwa wavu. Hata upasuaji wa kawaida unatosha. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016 ulitumia wavu wa chandarua uliosafishwa kitaalamu. Baada ya mwaka, matokeo yakawa sawa na wavu wa ghali. Kinachobaki ghali ni kuona haya.