Kwa Nini Nakimbia

Jamaa na majirani wengi wameniuliza ni jambo gani linalonitoa kitandani saa 11 alfajiri, mtu mzima mwenye mke na watoto, nikatimua mbio barabarani kama niliyefukuzwa. Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe.

Sababu ya kwanza ni marehemu baba yangu. Alikuwa fundi cherehani, akiketi kitini tangu asubuhi hadi usiku. Alipatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 51, upande mmoja wa mwili ukapooza, akaishi hivyo miezi minane. Mama alimlisha kwa kijiko, na sisi wanawe tulipokezana kumgeuza kitandani. Wakati huo nilikuwa na miaka 19.

Nilipotimiza miaka 34, daktari alinipima akakuta shinikizo la damu limefikia 142 kwa 93. Akanieleza kuwa maradhi hayo aghalabu huandama ukoo, na kwamba kazi ya kuketi mezani kutwa nzima huyapa nguvu. Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu. Ilinibakia miaka 17 kuufikia umri wa baba. Binti yangu alikuwa na miaka miwili. Kumbe akitimiza miaka 19, nami nitakuwa na 51.

Sababu ya pili ni ya mfuko. Mbio hazidai ada wala uwanja. Jozi ya viatu imara yatosha. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani walau dakika 150 kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi mazito. Nilianza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili. Baada ya miezi sita niliweza kutoka Kinondoni, nikavuka Daraja la Selander, nikaifuata bahari hadi Ocean Road na kurudi bila kusimama.

Mzee mmoja wa mtaani, nilipomwamkia alfajiri moja, aliitikia kisha akaongeza, “Mwanangu, kwenda mbio si kufika.” Alisema kwa mzaha, lakini methali hiyo ndiyo elimu yote ya mbio ndefu. Anayejitapa katika kilomita ya kwanza hutweta katika ya tano. Anayefika ni yule aliyeupima mwendo wake.

Ndiyo maana shujaa wangu si mshindi wa medali. Ni John Stephen Akhwari, aliyeiwakilisha Tanzania katika marathoni ya Olimpiki kule Mexico City mwaka 1968. Alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea kuchechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla. Akhwari aliingia uwanjani giza limetanda, akiwa wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliomaliza. Wengine walikuwa wamejitoa. Yeye alifika.

Hapo awali mke wangu alihofia magari. Sasa nikichelewa kuamka, yeye ndiye hunivuta shuka. Mwaka mmoja baadaye daktari alinipima tena: 128 kwa 82. Sidai kwamba mbio ni dawa ya kila mtu, wala kwamba zimenipa hati ya kuishi. Mwenye maradhi ya moyo au ya presha na akaonane na daktari kwanza, na aliyepewa vidonge asiviache kwa ajili ya viatu.

Kwangu mimi shabaha ni moja tu. Nakimbia ili binti yangu atimize miaka 19 bila kujua jinsi ya kumgeuza baba yake kitandani.