Kulima kwa Maksai
Ewe msomaji, ukienda Chekalini mwezi wa Machi, mvua za masika zikikaribia, utaona maksai wanne wakikokota plau, na kijana mbele yao ameshika kamba. Mimi nilifika mgeni, nikapewa mipini. Mahindi yakichelewa kupandwa huleta njaa. Kwa hiyo shamba halikuweza kumngoja mwanafunzi. Nikiikandamiza mipini, ncha ya plau iliibuka. Nikiiinua, ilizama, wanyama wakakwama. Mwenyeji wangu alinionyesha maksai mchanga aliyefungwa nira moja na mzee aliyezoea. “Tazama,” alisema, “huyu hafundishwi kwa mjeledi, hufundishwa na hatua za mwenzake.” Nikaacha kushindana nao, nikafuata mwendo wao, na mfuo ukanyooka. Basi, atakaye kuongoza na ajifunze kwanza kufuata.