Waya Iking'aa, Ndiyo ya Kuogopa

Wengi wenu mnaenda mafunzo ya kiwandani mwaka huu, na kuna kitu hamtaambiwa.

Ukikaa karibu na jiko la makaa, uso unapata moto kabla hata hewa ya chumba haijapata. Hiyo ni miale ya infraredi. William Herschel aliigundua 1800: aliweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu ya mwanga wa jua, pahali hapaonekani kitu, na kikapanda.

Viwandani, miale hiyo hupasha waya ikipita kwenye tanuri bila kuguswa na chochote. Ni poa sana kukausha rangi au plastiki inayofunika waya, maana hizo hufyonza miale vizuri. Lakini shaba tupu iliyong'arishwa hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya miale, kama kioo. Ndiyo maana kulainisha shaba tupu, viwanda vingi huipitishia stima moja kwa moja.

Sasa shida iko hapa. Kitu kinachokataa kupokea miale hutoa pia michache sana. Unakumbuka ile bunduki ya kupima joto getini wakati wa korona? Ya kiwandani hufanya kazi vivyo hivyo, inasoma miale. Ielekeze kwa shaba inayong'aa yenye nyuzi 200, itakupea namba ya chini ajabu, utadhani ni chai imepoa. Macho nayo hayasaidii, kwa sababu metali huanza kuwa nyekundu ikipita nyuzi 500 hivi.

Kiwanda nilichoenda, tuliambiwa tu, "Usiguse." Basi. Aliyetuonyesha sababu ni mzee mmoja wa mashine, hana hata cheti. Alipaka masizi upande mmoja wa kipande cha shaba kilichotoka kwa moto, akapima pande zote mbili. Upande mweusi, namba ikaruka juu. "Kijana, yenye inang'aa ndiyo inadanganya," akasema.

Dakika tano pekee, na hakuna kati yetu aliyehitaji kukumbushwa tena. Si eti vijana hatusikii. Katazo bila sababu linaisha nguvu msimamizi akigeuka, lakini ukijua kwa nini, mkono unajizuia wenyewe. Kama kampuni inaweza kununua mashine ya mamilioni, inaweza kutupea hizo dakika tano.

Wewe ulienda wapi, na siku ya kwanza walikueleza nini? Niambie hapo chini.