Neno la Tatu

Kitendawili kilitegwa bwenini, baada ya chakula cha jioni. Mwanafunzi wa Idara ya Kiingereza alimwambia jirani yake wa Idara ya Kiswahili kwamba Kiingereza kina maneno matatu yaishiayo kwa herufi g, r na y. Mawili ni angry, yaani mwenye hasira, na hungry, mwenye njaa. La tatu ni lipi?

Mteguaji alikataa katakata kutoa mji. Mji wenyewe haukuwa hoja. Alichelea kuusikia tena ule usemi uliozagaa, kwamba wasomao Kiswahili ni wale walioshindwa na Kiingereza.

Kwa majuma mawili alishinda maktabani akipekua majalada 20 ya kamusi kuu ya Oxford. Kazi ilikuwa pevu, maana kamusi hupanga maneno kwa vichwa, si kwa mikia. Hata hivyo, aliambulia kitu. Aggry ni shanga za kale zinazoenziwa sana nchini Ghana. Puggry ni kitambaa kizungushiwacho kofia kukinga jua. Neno lenyewe limetoka India, ambako ni kilemba tu. Meagry, aliyekonda, lilikwisha kufa zamani. Kisha kuna gry lenyewe, ambalo mwanafalsafa John Locke alilitumia katika karne ya 17 kutajia kipimo kidogo mno, sehemu moja ya 100 ya inchi yake. Yamkini Mwingereza wa kawaida halijui hata moja kati ya hayo!

Lililomkera zaidi lilikuwa la kimofolojia. Herufi hizo tatu si kiambishi. Angry ni anger iliyoongezwa y, na hungry ni hunger vivyo hivyo; e imedondoka njiani. Kuyaita maneno ya ukoo mmoja ni sawa na kudai kwamba paka na mkeka ni ndugu kwa ajili ya ka. Na bado kitendawili hicho kimewahangaisha watu tangu kilipovuma Marekani mwaka 1975, kikibadilishwa maneno kila kinapotegwa, hata mtego wake wa awali ukapotea.

Alirudi bwenini na orodha yake, akadai aambiwe jibu. Mtegaji alicheka kwa haya. Hakuwa nalo. Yeye mwenyewe alitegewa na binamu yake, akashindwa, akatoa Kisumu; na hadi jioni hiyo alikuwa hajarudishiwa.