Mtihani wa Mlangoni

Tangu mwaka 2006, Uholanzi humtaka mke wa ng'ambo amfuataye mumewe huko afaulu mtihani wa Kiholanzi kabla ya safari. Hutahiniwa ubalozini, hapo kwanza alijibu kwa simu, na mashine ikaupima usemi wake. Mmarekani na Mjapani husamehewa, kana kwamba walizaliwa na Kiholanzi kinywani. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliukubali mtihani huo, lakini ada ya yuro 350 kwa kila jaribio iliiona nzito, yenye kuweza kutenga jamaa. Ada ni nusu ya mzigo. Mtu mzima hujifunza lugha kwa kununua mkate, kwa kugombana na kupatana na jirani. Jirani za mke huyu wako Uholanzi. Naye yuko kwao, anakariri maneno peke yake.