Kutoka Maguu Hadi Baroda: Watoto wa Mwadhini

Maguu ni nchi ya milima. Mtu atokaye Mbinga kuja huku hupanda na kushuka, mikahawa ikiwa kushoto na kulia kwake, na katika miteremko huyaona mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo huyachimba ili mvua isiuchukue udongo wao. Upande wa magharibi milima hiyo huishia, na chini yake ndipo lilipo Ziwa Nyasa. Katika nchi hii ya juu Waislamu si wengi, na chuo chetu ni kidogo. Kwa hivyo mtoto akikosa somo huonekana mara moja. Na wakosao somo la alasiri, wengi wao huwa uwanjani wakicheza mpira.

Jambo hili limezusha maneno baina ya wazazi. Wako wasemao kwamba mtoto aliyekwisha kuupenda mchezo amekwisha kupotea chuoni. Wako wengine wasemao kwamba aachwe acheze, kwani riziki haina mlango mmoja. Sisi tusomeshao watoto tumeulizwa mara nyingi tuko upande gani. Tumeona ni afadhali tujibu kwa kufanya safari ya kalamu mpaka Bara Hindi, tukatazame msikiti mmoja na yaliyowapata watoto wa mwadhini wake.

Mji wenyewe ni Baroda, ambao siku hizi huitwa Vadodara, katika jimbo la Gujarat. Jimbo hilo si geni kwetu, kwani wengi katika Wahindi waliovuka bahari kuja kufanya biashara Afrika Mashariki asili yao ni huko. Baroda ulikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Gaekwad. Katika mji wa kale, mahali paitwapo Mandvi, upo Msikiti wa Ijumaa, na mwadhini wake alikuwa Mahmood Khan Pathan. Hakuwa mtu wa mali. Yeye na jamaa yake waliishi hapo hapo msikitini, na hapo ndipo walipokulia wanawe wawili, Yusuf na Irfan. Huyu Irfan, aliye mdogo, alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1984. Wazazi walitamani watoto hao wawe wanazuoni wa dini, lakini wao waliupenda mchezo wa kriketi.

Kwa faida ya wasioujua, katika kriketi mmoja hurusha mpira ili aviangushe vijiti vitatu, na mwenziwe huvilinda kwa gongo pana. Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Tarehe 11 Juni 1975, mjini Leeds, Uingereza, timu ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake walikuwamo wachezaji wa Tanzania, ilikutana na India katika Kombe la Dunia la kwanza. Yetu ilipata mbio 120, na India wakazipita bila ya kutolewa hata mtu mmoja.

Sasa turejee kwa mtoto wa mwadhini. Alipoanza kufundishwa, mpira wake haukufika hata upande wa pili wa uwanja. Akafanya mazoezi saa sita kwa siku, siku sita kwa juma, chini ya uangalizi wa Datta Gaekwad, aliyepata kuwa nahodha wa India. Vifaa vyake vilikuwa vile vilivyokwisha kutumiwa na wengine, mpaka alipochaguliwa katika timu ya vijana ya Baroda ndipo alipopewa vipya.

Sifa yake ilikuwa kuupinda mpira. Mpira wa kriketi ni wa ngozi, nao una mshono ulioinuka katikati. Mrushaji huulaza mshono huo kidogo upande mmoja, ukawa kama usukani wa jahazi. Tena nusu moja ya ngozi huisugua nguoni ing'ae, na nusu ya pili huiacha ichakae. Hewa haiachani na pande hizo mbili kwa namna moja, kwa hivyo mpira hupinda ungali njiani, mfano wa mtumbwi uliokazwa kasia upande mmoja tu katika maji ya Mbamba Bay. Irfan alirusha kwa mkono wa kushoto, na mpira wake ulimwingia ghafula mpigaji atumiaye mkono wa kulia.

Desemba 2003, akiwa na umri wa miaka 19, aliichezea India kwa mara ya kwanza mjini Adelaide, Australia. Tarehe 29 Januari 2006, mjini Karachi, aliwatoa Wapakistani watatu kwa mipira mitatu mfululizo, katika duru ya kwanza kabisa ya mchezo. Hakuna aliyepata kufanya hivyo kabla yake katika michezo mikubwa ya mataifa, ile ya siku tano. Lakini msomaji asisahau mwisho wake: mchezo huo huo India walishindwa kwa mbio 341. Tarehe 24 Septemba 2007, mjini Johannesburg, India na Pakistan zilikutana tena katika fainali ya Kombe la Dunia la mchezo mfupi. Irfan aliwatoa watu watatu kwa mbio 16, akatajwa kuwa mchezaji bora wa siku. Na siku hiyo Yusuf, ndugu yake, ndiyo aliyoanza kuichezea nchi yake.

Kisha mambo yakageuka. Kasi yake ilipungua, kupinda kwa mpira kukafifia, na maumivu ya mwili yakamwandama. Mchezo wake wa mwisho wa siku tano aliucheza Aprili 2008, naye hajatimiza miaka 24. Alikuwa amekwisha kuwatoa watu 100 katika michezo 29. Tarehe 4 Agosti 2012, huko Pallekele, Sri Lanka, aliwatoa watu watano katika mchezo wa siku moja, akapewa tena heshima ya mchezaji bora. Hakucheza kamwe mchezo wa namna hiyo kwa India baada ya siku hiyo. Oktoba mwaka huo aliichezea India mchezo wa mataifa kwa mara ya mwisho.

Je, alikaa akilia? La. Aliendelea kuichezea Baroda, na mwaka 2018 akaenda Jammu na Kashmir, kucheza pamoja na vijana wa huko na kuwafundisha, mpaka alipotangaza kustaafu Januari 2020. Yeye na Yusuf wamefungua pia vyuo vya kuufundisha mchezo huo. Ama Yusuf, mwaka 2024 alichaguliwa kuwa mbunge.

Basi, enyi wazazi wa Maguu na kwingineko, mchezo peke yake haumharibu mtoto. Kinachomharibu ni kutokuwa na mpango. Kijana aliyefanya kazi saa sita kila siku kwa vifaa vikuukuu hakuwa mtoro, alikuwa mwanafunzi. Tumpangie mtoto saa ya chuo na saa ya uwanja, na kila saa iheshimiwe, nasi tuwe wa kwanza kuiheshimu.

Nanyi vijana wetu, itazameni tarehe ile ya 2012. Mtu alishangiliwa leo, na kesho asicheze tena mchezo wa namna hiyo, wala hajafikisha miaka 28. Anayetegemea makofi tu, siku hiyo hubaki mikono mitupu. Aliyejifunza subira na adabu tangu utotoni hupata kazi nyingine ya kuwafaa watu, kama alivyofanya mtoto huyu wa msikitini. Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu siha na elimu, na atujaalie sisi hekima ya kuwalea. Amin.