Wimbo Tuliousikia Nje ya Uzio

Jumamosi ile jioni tulisimama nje ya uzio kama watu waliokuja kudai deni. Tulikuwa wanne: mchungaji, mama mchungaji na wazee wawili wa kanisa. Ndani ya uzio ule kuna mashine ya kukoboa mpunga na uwanja wa saruji ambako mpunga huanikwa wakati wa mavuno. Siku hiyo uwanja ulikuwa umefagiliwa. Watu wapatao sitini walikaa juu ya mikeka na magunia, na mbele yao kijana mmoja, mzaliwa wa hapa hapa Ubaruku, alikuwa akikaza nyuzi za zeze.

Wanaotufahamu wataelewa kwa nini hatukuingia. Kijana yule alikuwa wetu. Alibatizwa kwetu, akapata kipaimara kwetu, na aliimba sauti ya tena katika kwaya ya vijana hadi siku tulipomwondoa.

Ilikuwa miaka saba nyuma. Baraza la wazee lilipokea mashtaka mawili juu yake. La kwanza, kwamba siku za Jumamosi usiku hupiga gitaa katika baa. La pili, kwamba ameingiza zeze kanisani, na kwamba wimbo alioutunga kwa ajili ya sikukuu ya mavuno una sauti ya nyimbo za kuamia ndege. La kwanza tulilijadili kwa dakika chache. La pili lilituchukua saa mbili. Mwisho tukamwambia achague, ama kwaya ama mambo yake. Alisimama, akachukua zeze lake, akasema, "Asanteni, wazee wangu," akatoka. Tukaandika muhtasari, tukautia sahihi, tukafunga kwa sala. Mama yake hakuacha ibada hata Jumapili moja, ila alihama kutoka viti vya mbele akaenda kukaa benchi la mwisho.

Hatukuwa tumefikiri kijana yule alizitoa wapi nyimbo zake. Mji wetu ni mji wa mpunga. Shamba kubwa la serikali la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, na kadiri maji ya mifereji yalivyosambaa, watu walikuja kutoka kila upande. Wabena, Wahehe, Wanyakyusa, Wagogo, na Wasukuma na ng'ombe wao, wakawakuta Wasangu wenyeji. Mtoto wa Ubaruku hulala akisikia ngoma za makabila matano. Alfajiri hupelekwa majarubani kuwafukuza kweleakwelea, akipiga debe na kuimba ili usingizi usimshinde. Jumapili huja kanisani kujifunza sauti nne kwa nota. Jioni hukuta bongo fleva ikilia kwenye kila kibanda cha kuchajia simu. Sisi tuliona kijana anachanganya vitu visivyochanganyika, kumbe alikuwa anaeleza tu mahali alipokulia.

Aibu yetu ni kwamba tulijua. Mchungaji wenu amesoma theolojia, na historia hii alifundishwa darasani. Miaka ya 1960, katika Chuo cha Makumira, mmisionari Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake watunge nyimbo za kanisa kwa sauti za asili za kwao. Wilson Niwagila akatunga "Njoo Kwetu, Roho Mwema." Bernard Kyamanywa akatunga "Mfurahini, Haleluya," ambao leo huimbwa na Walutheri wa Ulaya na Marekani wakati wa Pasaka. Nasi huuimba kila mwaka kwa furaha. Na Martin Luther mwenyewe, aliyekuwa mpigaji wa ala ya nyuzi, katika kitabu kidogo cha mwaka 1524 chenye nyimbo nane alikuwa na nyimbo zake nne, katika lugha ambayo watu wa sokoni waliielewa. Basi sauti ya asili iliyopitia chuoni na kupigwa chapa tuliiona takatifu. Iliyotoka majarubani kwetu tuliiita ya kidunia.

Tulikuwa tukijivunia pia marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyechukua zeze na ilimba hadi Ulaya, na mwaka 1996 na 2002 nyimbo zake zikatolewa na kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza. Mwaka uliofuata, 2003, alifariki, nasi tukasema taifa limepoteza hazina. Hazina ya mbali ni rahisi kuisifu. Ile ya nyumbani tuliiita mbele ya baraza.

Turudi kwenye uzio. Kijana alianza kwa gitaa, akaimba juu ya maji ya Ruaha Mkuu na ugomvi wa mkulima na mfugaji. Akaweka gitaa, akashika zeze. Tulipokuwa tunasikiliza, mama mchungaji alinong'ona, "Tunafanana na yule mwana mkubwa." Hakuna aliyemuuliza yupi. Katika Luka sura ya 15, mwana mkubwa anatoka shambani, anasikia nyimbo na machezo ndani ya nyumba, naye anakataa kuingia. Tumeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara tulijipa nafasi ya baba. Jioni ile tulikuwa nje, na muziki ulikuwa ndani.

Katika mfano ule baba ndiye aliyetoka kumsihi. Kwetu alitoka mama wa yule kijana. Sijui nani alimwambia tupo. Alifungua geti, akasema, "Kamwene, Baba Mchungaji. Wageni hawasimami nje. Karibuni ndani."

Tuliingia. Kijana alituona, akanyamaza kidogo, akasema, "Shikamooni, wazazi wangu." Kisha akapiga ule wimbo wake wa mavuno, wenyewe kabisa, wenye sauti ya kuamia ndege. Wale waliowahi kuimba naye kwayani walikuwa wengi pale kuliko tulivyodhani. Bila kuambiwa, kila mmoja akaingia kwenye sauti yake. Mzee aliyesoma mashtaka siku ile alijikuta anaimba besi.

Watu walipotawanyika tulimwendea. Tukasema, "Mwanangu, tulikukosea." Hakutukimbilia shingoni. Alijibu kwa upole, "Baba Mchungaji, kwa zeze mlinikosea. Kwa baa mlikuwa na haki ya kuuliza. Ila hamkuuliza ada ya mdogo wangu ilikuwa inatoka wapi."

Hilo ndilo lililotuchoma, kwa sababu ni kweli. Tulikuwa na jibu kabla ya kuuliza swali. Kanisa linalo wajibu wa kuonya, wala hatuandiki haya ili kusema kwamba kila kinachoimbwa kinafaa ibadani. Lakini maonyo yasiyotanguliwa na kusikiliza si uchungaji.

Hakuomba kurudi kwaya. Aliomba jambo moja: ukumbi wa kanisa Jumamosi alasiri, awafundishe watoto zeze na nota pamoja. Wazee wamegawanyika. Wapo wanaosema ni neema, na wapo wanaosema tutaigeuza nyumba ya Mungu kuwa kilabu. Ule muhtasari wa zamani hatutauchana. Tutaomba uandikwe mwingine juu yake, wenye sahihi zile zile, useme kwamba tulikosea.

Jumapili iliyopita tulimwomba mama yake arudi viti vya mbele. Alicheka, akasema atasogea siku zeze litakaposogea. Kikao ni baada ya mavuno. Mtuombee.